Lua, C na King'ora cha Korongo

Ninyi vijana mnaoandika programu huku mmeziba masikio kwa visikilizio, vitoeni kwanza. Mimi si mwalimu wenu. Chuoni sijawahi kukanyaga isipokuwa siku niliyokwenda kufunga antena juu ya paa lake, na hata hapo mlinzi aliniuliza kama nimeleta mayai. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini nimekaa karakana moja pale Karatu mjini mpaka nywele zikawa nyeupe, na kazi yangu ya miaka ya mwisho ilikuwa kuzifanya lugha mbili za kompyuta ziongee bila kuuana. Kwa hiyo mtanisikiliza.

Wajukuu wameniomba niandike kwa upole, nisiwafokee. Nilijaribu. Kurasa za kwanza zilikuwa za upole sana, nikizisoma najiona kama mtu anayeomba kura. Nikaziwashia moto wa maharage, nikaanza upya.

Karakana ilikuwa ya marehemu fundi Temba, Mchaga aliyeshuka kwenye basi na mkoba wa vifaa akisema anakaa Karatu mwezi mmoja. Akazeeka hapahapa. Alitengeneza redio za magari ya watalii, na mimi nilimjua nikiwa mwita redio wa kampuni moja ya safari. Kazi yangu ilikuwa kukaa ofisini na kuwauliza madereva walioko kreta ya Ngorongoro wako wapi, na kazi yao ilikuwa kunidanganya. Redio ikifa namwita Temba. Ikafika mahali namwambia ubovu uko wapi kabla hajafungua kifuniko, maana nilishazoea kila moja inavyokoroma.

"Mama Paskali," akaniambia siku moja, "acha kupasha joto kiti cha watu. Njoo ushike chuma cha kulehemu."

Nikaenda. Baada ya kulehemu akanifundisha C, lugha ambayo ndiyo inayoendesha vidude vingi mnavyovishika bila kujua. Hakunifundisha kwa mchoro wala ubao. Alinikalisha akasema, "C ni fundi wa zamani asiyeuliza. Ukimwambia kata hapa, anakata hapa. Kama hapo ni mguu wako, shauri yako." Mpaka leo sijasikia maelezo bora, na nimesikia ya watu wenye tai.

Halafu akaja Elisante. Elisante alikuwa kijana wa Rhotia, amesoma Arusha, akarudi na ndevu tatu na Lua. Lua ni lugha ndogo ya kuandikia programu, imezaliwa Brazili huko. Wengi wenu hamjaigusa. Mkiulizwa mnataja zilezile wanazozitaja wote, kama watu wanaoagiza chipsi mayai kila mahali wanapoingia.

Temba hakuipenda hata kidogo. "Hiyo ni lugha au jina la binti?"

"Ni lugha, mzee. Nyepesi. Unabadilisha mstari, unaendesha palepale, humsubiri kompaila aitafsirie mashine kwanza."

"Na vyombo anaosha nani?"

"Vyombo gani tena, mzee?"

"Kwenye C ukichukua nafasi ya memori unairudisha mwenyewe, kama sahani za kuazima za msibani. Huko kwenu nani anarudisha?"

"Lua ina mfagiaji wake," Elisante akasema, kwa lile tabasamu la mtu aliyeajiri mtumishi. "Anapita mwenyewe. Kitu chochote ambacho hakuna jina linalokishika ndani ya programu, anajua hakitumiki, anakiondoa."

Temba akanitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Lakini baada ya wiki mbili tatu alikuwa anaandika Lua na yeye, akijificha nyuma ya rafu ya betri kama mtu anayevuta sigara ya kwanza.

Mtauliza, kama Lua ni tamu hivyo, C ya nini? Kwa sababu aliyetengeneza redio alishaandika kazi zote ngumu kwa C, akazifungia kwenye faili moja wanaloliita maktaba. Maktaba isiyo na kitabu hata kimoja. Ndani mna kazi zilizopikwa tayari: washa redio, tuma, pokea. Hukuziona zikipikwa na hutaziona. Unachopewa ni faili dogo la matamko, linalosema kila kazi inaitwaje, inataka ipewe nini mkononi na inarudisha nini. Lua nayo ina mlango wa kupigia hodi kwa C. Unayanakili yale matamko upande wa Lua, unaifungua maktaba, unaita kazi kwa jina lake. Ikiitika ni raha tupu.

Ila pale mlangoni hakuna mlinzi. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau. Ukisema uongo kwenye tamko, Lua inakuamini na C haiangalii. Hakuna atakayepiga kelele. Mambo yataendelea vizuri kabisa, ila yatakuwa mambo mengine.

Sasa niwaambie tulivyojua.

Kwetu ni chini ya Rhotia. Kati ya shule na nyumba zetu kuna korongo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mbuzi wanalala humo, watoto wanachezea humo mpira. Ubaya wake si mvua ya kwetu. Mvua inanyesha kule juu msituni, kwenye miinuko ya Ngorongoro, huku chini jua linawaka na nguo ziko kambani. Halafu maji yanashuka kama lori lililokatika breki. Msimu mmoja yalibeba pikipiki ya Tluway, dereva bodaboda wetu, yeye mwenyewe akabaki ameshikilia mzizi anaita watakatifu ambao hata kanisani hawajulikani.

Watoto wetu walivuka hapo asubuhi na mchana, na mmoja wao alikuwa Niima, mjukuu wangu wa kwa Paskali, darasa la tatu. Tuliwafundisha hivi: kabla ya kuvuka, tazama mlima. Mlima ukiwa mweusi, kaa chini. Njaa ikuume, lakini kaa. Basi kamati ya shule ikamfuata Temba: fundi, wewe unatengeneza redio za watalii, watoto wetu utawatengenezea nini?

Tukawatengenezea king'ora. Juu karibu na mpaka wa msitu tulifunga kipimo cha kimo cha maji pamoja na redio. Chini kwenye kivuko tukaweka nguzo, na kwenye nguzo sanduku la chuma, na ndani ya sanduku redio ya kupokelea na kompyuta ndogo inayotosha mfukoni. Maji yakipanda juu, redio inasema, kompyuta inasikia, king'ora kinalia, na maji yanakuwa bado yako njiani. Redio ilikuja na maktaba yake ya C. Programu yetu Elisante aliiandika kwa Lua. Temba aliikagua, mimi nikafunga waya zote na kupanda nguzo, kwa sababu wanaume wale wawili walikuwa na visingizio vya magoti.

Siku ya uzinduzi padre alikuja kubariki. Alikuwa mtu mkarimu, hakubana maji ya baraka. Akanyunyiza nguzo, akanyunyiza sanduku ambalo Elisante alikuwa ameliacha wazi ili watu waone taa zinavyopepesa. King'ora kikalia kidogo, kikakohoa, kikazima. Nilimwomba baba padre, kwa heshima zote, safari nyingine abariki kwa mbali. Bodi ya kompyuta tukaianika juani, ikapona.

Wiki iliyofuata kikalia tena, na sasa hakinyamazi. Watu walikimbilia milimani na magodoro. Mimi nilikwenda korongoni, nikakuta vumbi, na mbuzi amelala katikati anacheua. Nikafungua sanduku. Kimo cha maji kilikuwa kinasoma juu kuliko paa la kanisa.

Elisante hakunakili matamko. Aliyaandika kwa kichwa, maana alishayasoma mara moja na akajiamini. Redio ilikuwa inaleta taarifa kama mzigo wa vitu vilivyopangwa: kwanza hali ya betri, halafu kimo cha maji. Yeye alitamka kimo kwanza, betri baadaye. Ikawa betri likijaa, korongo linafurika. Watoto walifanya wimbo, kila Elisante akipita wanamwimbia, "Betri limefurika, tupande mlimani!" Niima ndiye alikuwa mwanzilishi, na nilimwacha.

Kwa hiyo mpangilio wa vitu msiuandike kwa kichwa, wala upana wa namba. C ina namba fupi, ndefu, zenye desimali na zisizo nayo, na haitakwambia umekosea. Fungua faili la matamko, nakili, halafu tuma mzigo unaoujua mwenyewe uone kama unafika ulivyo.

Mpangilio tuliurekebisha, lakini aibu ile ilizaa jambo baya zaidi. Kamati ikamwita Elisante ikamwambia, "Kijana, king'ora kisitupigie kelele za bure tena." Akaitikia. Akaenda akaongeza mstari kwenye programu: namba ikija ya ajabu, isiyoeleweka, ichukuliwe kuwa sifuri. Yaani programu isipojua, iseme korongo ni kavu. Sote tuliuona mstari ule. Temba akasema ni mzuri. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nikasema sawa.

Kiangazi chote mambo yakaenda. Tulimwaga ndoo ya maji juu ya kipimo, king'ora kinalia. Tunafuta, kinanyamaza. Wageni walikuja kutoka vijiji vingine kukitazama. Na watoto, mnajua watoto, wakaacha kutazama mlima. Ya nini kukaza shingo wakati kuna chombo? Hili nililiona kwa macho yangu, nikadhani ni maendeleo.

Mvua za kwanza zilipofika nilikuwa natoka kazini mchana, nimekaa nyuma ya Tluway kwenye pikipiki yake mpya. Huku kwetu jua, vumbi linaingia puani. Tulipokaribia kivuko nikainua macho: mlima umekuwa kama sufuria upande wa moto. Nikatazama chini: watoto wameshaanza kuvuka kurudi nyumbani, wa mbele wameshapanda ukingo wa pili, na katikati ya mchanga yuko Niima, ameinama anaokota mawe ya kuchezea.

"Zima pikipiki," nikamwambia Tluway. Akazima. Ndipo tukasikia. Si sauti ya maji. Ni kama mtu anaburuta mabati mbali sana.

Sauti yangu ilizoea kusikika kreta nzima kabla ya redio kuwashwa, ndivyo madereva walivyokuwa wakisema. Niliitoa yote. "Niima! Toka humo!"

Akasimama wima. Akanigeukia, mkono kiunoni, kama mama yake. "Bibi, hakijalia!"

"Toka!"

"King'ora hakijalia, Bibi!"

"Nimesema toka!"

"Nitoke upande gani?"

"Wowote, mtoto wa watu, wowote!"

Akakimbilia ule wa nyumbani. Walioko kwenye ukingo wetu nikawarudisha nyuma, wengine kwa kuwashika kola. Mguu wa Niima ulipopanda kwenye nyasi maji yalitokea kwenye kona, ya kahawia, yamebeba gogo zima na matawi yake, yakapita pale alipokuwa anaokota mawe. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye mchanga. Hakikubaki muda mrefu.

Nikakaa chini barabarani. Tluway akanisimamia, hajui ashike wapi. Ng'ambo kule Niima alikuwa analia.

"Bibi! Kiatu changu!"

"Kiache!"

"Ni kipya!"

"Nikivuka nitakupa kingine cha mgongoni!"

Akatafakari hilo. Kisha akapiga kelele juu ya maji, "Mwambie Elisante king'ora chake kimelala!"

Nikainuka nikafungua sanduku. Taa zinapepesa vizuri. Redio inapokea vizuri. Kompyuta inafanya kazi, haijazima, haijalalamika popote. Kwenye kioo imeandikwa: kimo, sifuri. Tluway akachungulia juu ya bega langu, nyuma yetu korongo linanguruma.

"Mama, inasema kavu."

"Naona."

"Basi nivuke?"

Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka mpaka watoto waliokuwa pale wakadhani nimechanganyikiwa, na kwa kweli nilikuwa karibu. Tulikaa ukingoni mpaka maji yakapungua, mimi huku, Niima kule, tukitazamana kama watu waliogombana. Nilipovuka sikumpiga. Nilitaka sana, lakini kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa ametii chombo nilichokifunga mimi.

Kesho yake tulilibeba sanduku zima, pamoja na kipimo cha kule juu, mpaka karakana. Elisante hakuwa na rangi usoni. Tukaweka kipimo kwenye ndoo, tukamwaga maji: king'ora kikalia. Tukamwaga tena: kikalia. Kila tukijaribu kinalia, kizima kama jogoo.

"Mzee, hakina tatizo," Elisante akasema, karibu analia.

"Kina tatizo," Temba akasema. "Halipendi kuja mjini." Akanywa chai. "Mvua inaleta nini, ukitoa maji?"

Tukaitazama ndoo. Halafu Elisante akajipiga paji la uso. Kipimo kilipangwa hivi: kiangazi kinaleta taarifa mara chache, ili betri lisiishe, maji yakianza kupanda kinaleta mfululizo. Kila taarifa inayofika, Lua inatengeneza maneno ya kuiandika, ya kuihifadhi, ya kuionyesha kwenye kioo, halafu inayatupa. Taka zikiwa chache, yule mfagiaji hana haraka. Taka zikiwa nyingi, anapita na ufagio. Mezani kwetu, kwa ndoo mbili za maji, mfagiaji alikuwa hajaamka hata.

"Tumwamshe kwa nguvu," Elisante akasema. Lua ina amri ya kumwita mfagiaji muda huohuo. Akaiweka, afagie baada ya kila taarifa. Tukamwaga maji. Kimya. Kioo kikasema sifuri. Ndoo imejaa, inamwagikia miguuni kwa Temba, na kioo kinasema sifuri.

Hapo ndipo tulipotafuta nini kinafagiwa, na niwaeleze kwa ng'ombe, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa mwenyewe.

Sisi Wairaqw tuna desturi ya kuweka ng'ombe kwa watu. Huwaweki wote zizi moja, ugonjwa ukiingia umekwisha. Unampeleka mmoja kwa rafiki huku, mwingine kwa shemeji kule. Anayemfuga anakunywa maziwa, anapata samadi. Ng'ombe na ndama wanabaki wako. Baba yangu kabla ya chakula cha jioni alikuwa anatutajia: yule wa madoa yuko kwa fulani, yule mwekundu yuko kwa fulani, ni wetu, msisahau. Sisi tunaitazama sufuria, yeye anataja ng'ombe. Sababu ni kwamba ng'ombe asiyeonekana zizini, asiyetajwa nyumbani, siku moja mtu wa nyumba hiyohiyo anamuuza kwa mwingine, anadhani hana mwenyewe.

Elisante alitengeneza upande wa Lua nafasi ya memori ambamo redio ingeweka taarifa, akampa C anwani yake. C ikaishika, kama shemeji aliyepokea ng'ombe, na kila Lua ikiuliza kimo, C inasoma humo. Lakini ile nafasi aliiunda ndani ya kazi ndogo ya kuwashia redio, akaipa jina la humohumo. Kazi ilipokwisha, jina likafa nayo. Mfagiaji akipita nyumbani kwa Lua anauliza: huyu nani anamtaja? Hakuna. Anamwondoa, na zizi lake anapewa mwingine. Kwamba C bado anamkamua, mfagiaji hajui. Yeye haendi kwa C kuuliza. Basi shemeji anakuja asubuhi na kibuyu chake, anachuchumaa, anashika, kumbe ni fahali.

Temba alipouliza kinachotoka hapo ni nini, Elisante akasema, "Takataka, mzee. Namba za ajabu."

"Na namba za ajabu tulisema tuzifanyeje?"

Tulisema zifanywe sifuri.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Jina la ile nafasi tuliliweka juu kabisa, kwenye jedwali ambalo programu inalishika tangu inaamka mpaka inazimwa, ili mfagiaji kila akipita asikie: huyu ni wetu, yuko kwa C. Tukamwita mfagiaji tena na tena, tukamwaga maji mpaka karakana ikawa shamba la mpunga, king'ora kikalia kila mara. Na yapo mambo kinyume chake, mkikutana nayo. C akikupa nafasi aliyoichukua yeye, huyo ni ng'ombe wa mwenzio aliyeko kwako. Mfagiaji wa Lua hamjui, hatamgusa, na atakula majani yako mpaka memori ijae. Mrudishe kwa mwenyewe, kwa kazi ileile ambayo C ameiweka ya kurudishia. Usimchinje kwa kisu chako.

Baadaye Temba alivaa miwani akafungua maelekezo ya ile maktaba. Akasoma kwa sauti ya kusomea waraka wa askofu: nafasi utakayoipa kazi hii sharti ibaki hai mpaka redio izimwe. Sentensi fupi, ukurasa wa mwanzo. Wote watatu tuliiruka tukitafuta mfano wa kunakili.

Kwa Elisante mambo yakawa yamekwisha. Akaanza kufunga sanduku. Mimi nikamwambia aliache. Kosa la ng'ombe lilikuwa limerekebishwa, sawa. Lakini kesho litatokea lingine. Waya utaliwa na panya, betri litakufa, tembo atajikuna kwenye nguzo ya kule juu. Na king'ora kikikaa kimya, mtoto aliyesimama ukingoni anajuaje kama kimenyamaza kwa sababu hakuna maji, au kwa sababu kimekufa? Nilipokuwa mwita redio, dereva aliyekaa kimya huko kreta sikumhesabu kuwa salama. Salama ni yule aliyeniita akasema yuko salama, hata kama alikuwa anadanganya yuko wapi.

"Geuza," nikamwambia. "Weka taa ya kijani. Iwake pale tu taarifa imefika sasa hivi, inaeleweka, na maji yako chini. Chochote kingine, izimike. Namba ya ajabu, izimike. Hakuna taarifa, izimike. Programu ikifa, izimike yenyewe bila kuambiwa na mtu. King'ora kiache kilie kikiweza, lakini tusikitegemee."

"Itazimika bure mara nyingi, Mama Paskali."

"Izimike."

"Watu watalalamika."

"Walalamike wakiwa hai."

Ule mstari wa sifuri aliufuta mbele yetu. Nguzo niliipanda mimi tena, magoti ya wale wawili yakiwa bado hayajapona.

Watu walilalamika kweli. Wiki ya kwanza taa ilizimika mara kadhaa bila tone la maji, na Tluway akasimama kivukoni na abiria wake, anapiga honi kama vile taa ina masikio. Mwanangu Paskali mwenyewe alirudi nyumbani amechelewa, amenuna. "Mama, korongo lilikuwa kavu. Nimesimama pale kama mjinga natazama mchanga."

Niima akadakia, hajamaliza hata kunawa. "Mimi pia, Bibi. Tulikuwa tunaona kabisa hakuna maji. Mbuzi wamevuka. Sasa kama tunaona?"

Nikamwambia mkwe wangu aweke mwiko chini, na waliokuwa nje nikawaita waingie, kila mtu wa nyumba ile mpaka mgeni wa Mbulu aliyekuja kuomba mbegu. Nikasema mara moja:

"Taa isipowaka, hakuna mtu wa nyumba hii anayekanyaga mchanga ule. Mkiona mkavu, hamvuki. Mbuzi wakivuka, waacheni, mbuzi nitanunua wengine. Na siku mkiniona mimi mwenyewe nimesimama ng'ambo nawaita kwa majina yenu yote, taa haiwaki, kaeni hukohuko mniache niite."